Kidhibiti cha seva kinakukataa: kutafuta kosa kwenye ruhusa za saraka

Umeunganisha kidhibiti cha seva, yaani kompyuta ndogo iliyo ndani ya seva ya kuisimamia ukiwa mbali (iDRAC kwa mashine za Dell, iLO kwa za HPE), na Active Directory, saraka ya Microsoft ya watumiaji na vikundi. Umejaza kila kisanduku, umehifadhi. Unafungua ukurasa wa kuingia, unaandika jina lako la kazini na nenosiri unalotumia kila asubuhi, na jibu linakuja kavu: umeshindwa kuingia. Nenosiri likikosewa, jibu ni hilo. Cheti kikiisha muda, DNS (huduma ya kubadilisha majina kuwa anwani) isipojibu, kikundi kisipojulikana, jibu ni hilo hilo. Ndiyo maana watu humaliza siku nzima wakibadilisha nenosiri ambalo halikuwa na kosa lolote.

Jambo la kushika kabla ya mengine ni kwamba kidhibiti ni kompyuta nyingine kabisa. Kina prosesa yake, mfumo wake, anwani yake ya mtandao, saa yake na DNS yake, na hubaki macho hata seva ikiwa imezimwa, mradi waya wa umeme umechomekwa. Windows iliyo kwenye seva hiyo kuiona saraka si ushahidi wa chochote. Laptopu yako kuiona pia si ushahidi. Tunachotaka kujua ni kidhibiti chenyewe, pale kilipo, kinaona nini.

## Kabla hujailaumu saraka

Angalia leseni kwanza. iLO huhitaji leseni ya Advanced ili kutumia saraka, na iDRAC huhitaji Enterprise au ya juu yake. Nimewahi kukaa saa mbili na fundi mwenzangu tukichunguza vyeti, kumbe leseni ya majaribio ilikwisha wiki iliyopita.

Pili, usifute akaunti ya ndani ya kidhibiti. Iache moja, nenosiri lake refu, lihifadhiwe mahali ambapo watu wawili wanapajua. Nitarudi kwenye hili.

Tatu, tumia kipimo cha kidhibiti chenyewe badala ya ukurasa wa kuingia. iLO ina kitufe cha kujaribu saraka kwenye ukurasa wa mipangilio ya saraka, nacho hupita hatua kwa hatua kikionyesha ipi imefaulu na ipi imeanguka. Kwenye iDRAC kuna jaribio kama hilo kwenye wavuti, au kwa racadm, chombo cha Dell cha kuiamuru iDRAC:

```
racadm testfeature -f ad -u asha@mfano.local -p nenosiri
```

Kwa OpenLDAP (saraka huria, si ya Microsoft) na jamaa zake, badilisha `ad` iwe `ldap`. Matokeo yake ni marefu na hayapendezi kusoma, lakini yanakuambia ni wapi safari ilikatika. Hapo ndipo unapochagua dalili ya kuifuata hapa chini.

## Dalili: ukurasa unaning'inia, kisha unakataa

Ukingoja sekunde 20 au 30 kabla ya kukataliwa, usiguse nenosiri. Kidhibiti kinapiga simu isiyopokelewa.

Mara nyingi ni fayawoli. Mtandao wa usimamizi huwekwa kwenye VLAN yake (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao), na ni vizuri uwe hivyo, ila aliyeuweka alifungua njia ya kutoka kwako kwenda kwenye vidhibiti na kusahau njia ya kutoka kwenye vidhibiti kwenda kwenye saraka. Kinachotakiwa kupita ni poti 636 ya LDAP (lugha ya kuulizia saraka) yenye usimbaji, 3269 ukitumia Global Catalog (faharasa ya domeni zote), 53 ya DNS, na 123 ya UDP kwa ajili ya saa. Wanaotumia Kerberos, njia ya kuthibitisha watumiaji kwa tiketi, waongeze 88.

Njia ya mkato ninayoipenda: nenda chumba cha seva, chomoa waya wa kidhibiti, uchomeke kwenye laptopu, jipe anwani ya IP ile ile, lango lile lile na DNS ile ile. Sasa umesimama mahali pake. Jaribu:

```
nslookup dc1.mfano.local
openssl s_client -connect dc1.mfano.local:636 -showcerts
```

Ikining'inia na kwako, basi kesi ni ya mtu wa mtandao, mpigie. Njia hii haifai kama kidhibiti kinashirikiana poti moja na seva yenyewe, maana ukichomoa waya huo umeikata na seva ya watu. Hakikisha kwanza.

Nslookup ikigoma peke yake, kosa ni DNS. Vidhibiti vingi hupewa IP kwa mkono siku ya kwanza na kisanduku cha DNS huachwa na sufuri, kwa sababu siku hiyo hakuna aliyeona kazi yake. Au huwekewa DNS ya intaneti, ambayo haijui kabisa kwamba kuna kitu kinaitwa `mfano.local`.

## Dalili: kinakataa papo hapo, jaribio likitaja cheti au TLS

Hapa ndipo makosa mengi yanapolala. TLS ni usimbaji wa mawasiliano, na cheti ni kitambulisho ambacho seva huonyesha kabla mazungumzo hayajaanza.

La kwanza ni kuandika IP ya seva ya domeni (ile inayoendesha saraka) badala ya jina. Cheti kimeandikwa `dc1.mfano.local`, wewe umemwambia kidhibiti amtafute 10.10.1.5. Kidhibiti kinafika, kinaonyeshwa cheti, kinalinganisha majina, hayafanani, kinaondoka. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye cheti. Na ukiandika jina la domeni tupu, `mfano.local`, ili uhudumiwe na seva yoyote itakayojibu, hakikisha cheti kinalitaja jina hilo pia. Vyeti vinavyotolewa kwa kiolezo cha Kerberos Authentication cha Windows hulitaja, vile vya kiolezo cha zamani cha Domain Controller havilitaji.

La pili ni kupakia cheti kisicho chenyewe. Kidhibiti kinataka cheti cha mamlaka iliyotia sahihi, si cheti cha seva ya domeni. Kama kuna mamlaka ya kati baina ya mzizi na seva, angalia mnyororo mzima kwenye matokeo ya `-showcerts`. Seva ya domeni ikituma cheti chake tu bila cha kati, kidhibiti hakitajua namna ya kupanda hadi juu. Kwenye iDRAC cheti hicho hupakiwa hivi:

```
racadm sslcertupload -t 2 -f mamlaka.cer
```

La tatu ni saa, na hili huwachosha hata wazoefu. Cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kidhibiti huzilinganisha na saa yake mwenyewe, si yako. Betri ndogo ya ubao ikifa na umeme ukakatika, vidhibiti vingine hurudi 1 Januari 1970. Kwa kidhibiti hicho, cheti cha mwaka huu ni cha mtu ambaye bado hajazaliwa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna mtego wetu wa ziada: tuko saa 3 mbele ya UTC. Linux huandika saa ya BIOS kwa UTC. Kidhibiti kikiisoma kana kwamba ni saa ya Nairobi au Dar es Salaam, kitabaki nyuma saa 3, na cheti ulichokitoa asubuhi hii kitaonekana hakijaanza kufanya kazi. Ukirudi baada ya chakula cha mchana kinakubali, na unaondoka ukiamini umekitengeneza. Kwa Kerberos hali ni kali zaidi, kwani kwa kawaida hustahimili tofauti ya dakika 5 tu. Soma saa kwa `racadm getractime`, kisha weka NTP, huduma ya kusawazisha saa:

```
racadm set iDRAC.NTPConfigGroup.NTP1 dc1.mfano.local
racadm set iDRAC.NTPConfigGroup.NTPEnable Enabled
```

La nne ni uzee. Kidhibiti cha miaka ya nyuma sana kinajua TLS 1.0 tu, na seva ya domeni imeshafungiwa matoleo hayo. Upande wa Windows utaona tukio namba 36874 la Schannel (sehemu ya Windows inayoshughulikia TLS) likilalamika kwamba hakuna mbinu ya usimbaji wanayokubaliana. Sasisha programu dhibiti. Kama mtengenezaji ameshaacha kutoa sasisho kwa mashine hiyo, kubali yaishe: tumia akaunti za ndani na ukifungie kidhibiti hicho kwenye VLAN yake. Kuishusha seva ya domeni hadi TLS 1.0 kwa ajili ya mashine moja kuukuu ni kuvunja ukuta wa nyumba ili kabati lipite.

Ukitaka kujua kwa haraka kama kosa ni cheti au la, zima ukaguzi wa cheti kwa dakika mbili (`racadm set iDRAC.ActiveDirectory.CertValidationEnable 0`), jaribu kwa akaunti ya majaribio, kisha uwashe tena. Nasema akaunti ya majaribio kwa sababu ukaguzi ukiwa umezimwa, kidhibiti humkabidhi nenosiri yeyote anayedai kuwa ni seva ya domeni. Nimeona ofisi iliyouzima “kwa muda” na muda ukafika miaka mitatu.

## Dalili: saraka imefikiwa, lakini jina halikubaliki

Sasa, ndiyo, angalia jina na nenosiri. Ila angalia kwa chombo kinachosema ukweli wote:

```
ldapwhoami -H ldaps://dc1.mfano.local -D asha@mfano.local -W
```

Active Directory hurudisha kosa 49, na ndani ya maelezo marefu yanayoandamana nalo kuna neno `data` likifuatwa na namba. Hiyo namba ndiyo habari yenyewe. 525 ni mtumiaji hayupo, 52e ni nenosiri si sahihi, 530 ni muda asioruhusiwa kuingia, 531 ni mashine asiyoruhusiwa kuingilia, 532 ni nenosiri limeisha muda, 533 ni akaunti imezimwa, 701 ni akaunti imeisha muda, 773 ni anatakiwa kubadilisha nenosiri kwanza, 775 ni akaunti imefungwa kwa majaribio mengi. Hii 773 huwapata sana wafanyakazi wapya: ofisi imewapa nenosiri la kuanzia na kuweka alama walibadilishe, na wao mahali pao pa kwanza kuingia ni iDRAC, ambayo haina mahali pa kubadilishia nenosiri la saraka. Waingie Windows kwanza.

Kisha kuna namna ya kuandika jina. iDRAC inataka `asha@mfano.local`, au jina la domeni kwa urefu wake likitangulia mkwaju. Lile jina fupi la domeni tulilozoea, `MFANO\asha`, haliwezi kulitatua kwa DNS, kwa hiyo halifanyi kazi.

Kwa iLO mchezo ni mwingine. Ukiweka muktadha wa utafutaji kama `OU=Mafundi,DC=mfano,DC=local`, iLO huchukua ulichoandika na kukibandika mbele ya muktadha huo kama CN (jina la kitu ndani ya saraka). Na CN kwenye Active Directory kwa kawaida ni jina kamili la mtu, si jina la kuingilia. Ndipo unapopata simu ya ajabu: “Kaka, mbona nikiandika Asha Mrisho naingia, nikiandika amrisho nakataliwa?” Dawa yake ni kuongeza muktadha unaoanza na alama ya @, yaani `@mfano.local`. iLO hupokea hadi miktadha 15, nafasi ipo.

Kama unatumia akaunti maalumu ya kuuliza saraka, angalia DN yake, yaani anwani yake kamili ndani ya saraka. Mkato ndani ya jina, kama `CN=Mrisho, Asha`, lazima utanguliwe na mkwaju wa nyuma, la sivyo saraka hudhani jina limeishia hapo.

## Dalili: nenosiri limekubaliwa, ila huna ruhusa

Hapa saraka imesema “namjua”, na kidhibiti kimejibu “sawa, lakini yumo kwenye kikundi gani?” Haya ni maswali mawili tofauti, na mtu asiyeyatenganisha atazunguka.

Kosa la kitoto ni tahajia. Jina la kikundi kwenye kidhibiti liwe lile lile la saraka. Nakili na ubandike, usiandike kwa kumbukumbu.

Kosa lisiloonekana kwa macho ni kikundi cha msingi. Active Directory haiorodheshi kikundi cha msingi cha mtumiaji kwenye sifa ya `memberOf`. Hukiweka kama namba kwenye `primaryGroupID`. Kwa hiyo ukimpa ruhusa kikundi cha Domain Users, ambacho ndicho cha msingi kwa karibu kila mtu, unaweza kukuta hakuna hata mmoja anayeingia. Tena si kikundi cha kukipa ruhusa za seva hata kama kingefanya kazi. Tengeneza kikundi chake.

Vikundi ndani ya vikundi vina kesi yao. Asha yumo kwenye Mafundi-Mwanza, Mafundi-Mwanza kimo kwenye Wasimamizi-Seva, na kidhibiti kimepewa Wasimamizi-Seva. Vidhibiti vingine hupanda ngazi hizo, vingine husoma ya kwanza tu. Muulize saraka mwenyewe apande:

```
ldapsearch -H ldaps://dc1.mfano.local -D asha@mfano.local -W \
  -b "DC=mfano,DC=local" \
  "(&(sAMAccountName=asha)(memberOf:1.2.840.113556.1.4.1941:=CN=Wasimamizi-Seva,OU=Vikundi,DC=mfano,DC=local))" dn
```

Ile namba ndefu inaiambia Active Directory ifuate mnyororo mzima. Ikikurudishia Asha, lakini utafutaji wa kawaida wa `memberOf` haumrudishi, basi umekipata: ni unasaba wa vikundi. Mweke moja kwa moja kwenye kikundi ujaribu tena.

Wenye domeni zaidi ya moja, angalieni aina ya kikundi. Watumiaji wakiwa domeni moja na kikundi kingine, iDRAC huhitaji anwani ya Global Catalog, na kikundi kiwe cha aina ya Universal. Sababu ni kwamba Global Catalog hubeba orodha ya wanachama ya vikundi vya Universal tu. Vya aina nyingine hubeba jina bila watu.

Na kabla hujabomoa kitu, subiri. Umemwongeza mtu kwenye kikundi ukiwa Dar, kidhibiti kinauliza seva ya domeni iliyo Mwanza. Kati ya matawi, Active Directory husawazisha kila dakika 180 usipobadilisha. Wengi wamefuta mipangilio iliyokuwa sahihi kwa kukosa subira ya saa 3.

Upande wa OpenLDAP tatizo kubwa ni namna kikundi kinavyowataja wanachama. Kikundi cha aina ya `groupOfNames` huandika DN nzima ya mtu kwenye `member`. Kile cha `posixGroup` huandika jina fupi tu kwenye `memberUid`. Kidhibiti kikitafuta DN mahali penye majina mafupi, hakitampata mtu hata mchana kweupe. Kwa `posixGroup` iDRAC huambiwa hivi:

```
racadm set iDRAC.LDAP.GroupAttribute memberUid
racadm set iDRAC.LDAP.GroupAttributeIsDN 0
```

## Dalili: unaingia, lakini nusu ya vitufe havipo

Ruhusa za iDRAC ni jumla ya namba: kuingia ni 0x1, kubadilisha mipangilio 0x2, kusimamia watumiaji 0x4, kufuta kumbukumbu 0x8, kuwasha na kuzima seva 0x10, konsoli ya mbali 0x20, diski za mbali 0x40, kujaribu tahadhari 0x80, amri za uchunguzi 0x100. Zote kwa pamoja ni 0x1ff. Fundi wa zamu anayetakiwa kuwasha seva na kuona konsoli tu anahitaji 0x31. Nimetaja zote ili uone kosa linalojirudia: mtu hujumlisha 0x10 na 0x20, anaandika 0x30, anasahau ile 0x1 ya kuingia. Kikundi kinapatikana, nenosiri ni sahihi, na mlango haufunguki.

## Dalili: wavuti inakubali, ipmitool inakataa

Hili si kosa la kurekebisha. ipmitool huongea na kidhibiti kwa IPMI, itifaki ya zamani ya kusimamia seva. IPMI 2.0 haitumi nenosiri kwenye waya. Pande zote mbili hulitumia kama ufunguo wa kuthibitishana, kwa hiyo kidhibiti lazima kiwe nalo ndani yake. Nenosiri la Asha liko kwenye saraka, na saraka haimpi mtu. Mtumiaji wa saraka hataingia kwa IPMI kamwe. Skripti zako za ipmitool zipe akaunti ya ndani, au zihamishie kwenye Redfish, kiwango kipya zaidi cha kusimamia seva, cha shirika la DMTF tangu 2015. Hicho hupita kwenye HTTPS na kinaweza kumpeleka mtumiaji kwenye saraka. Redfish ina faida nyingine hapa: ukisoma `/redfish/v1/AccountService` kwenye kila kidhibiti, sehemu ya `RemoteRoleMapping` inakuonyesha kikundi gani kimepewa jukumu gani, bila kufungua kurasa arobaini kwa mkono.

## Dalili: jana kilifanya kazi

Akaunti ya kuuliza saraka imeisha muda wa nenosiri. Au cheti cha mamlaka kimefanywa upya na kidhibiti bado kinashika cha zamani. Au umebadilisha nenosiri lako huku skripti ya ufuatiliaji ikiendelea kugonga vidhibiti vyote kwa la zamani, nawe unafungiwa kila robo saa. Hiyo ndiyo 775. Wanaotumia poti 389 bila usimbaji watakataliwa siku seva za domeni zitakapoanza kulazimisha utiaji sahihi wa LDAP, jambo ambalo Microsoft ilianza kulihimiza kwa tangazo la ADV190023 mwaka 2019. Tukio namba 2889 kwenye kumbukumbu za saraka hutaja anwani ya IP ya kila anayeuliza bila sahihi. Liwashe uone kama vidhibiti vyako vimo.

Lakini lililoniuma zaidi ni jepesi kuliko yote. Ofisi moja ilistaafisha seva yake ya zamani ya domeni, ikaweka mpya kwa jina jipya. Vidhibiti vyote vilikuwa vikitaja jina la ile ya zamani. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna anayeingia kwenye iLO siku ambayo mambo ni mazuri. Miezi ikapita. Usiku seva ya hifadhidata ilipoganda, saraka ilikuwa haifikiki na nenosiri la akaunti ya ndani lilikuwa kwenye simu ya kijana aliyeacha kazi mwezi Machi. Tulikwenda kwa gari, saa 8 usiku, kubonyeza kitufe kimoja. Asubuhi yake nikaweka majina mawili ya seva za domeni kwenye kila kidhibiti, na amri ya `testfeature` kwenye ratiba ya kila Jumatatu.